Chumvi Iliyokula Shati

Kwa miezi kadhaa mke wangu aliwalaumu mende. Shati langu la kazi lilikuwa likitundikwa msumarini nyuma ya mlango likiwa zima, linaingia kwenye beseni likiwa zima, na likitoka lina vitundu tumboni na mikononi, vidogo kama vya sindano, vingine vimeungana vikatosha kupitisha kidole. Alinunua naftalini, akahamisha sanduku la nguo, akabadilisha sabuni. Shati la pili likafuata, na la tatu. Siku moja akaliinua moja kwenye mwanga wa dirisha akanionyesha kitu ambacho sikuwa nimekitazama. Kitambaa cha pamba kilikuwa kimelika, lakini uzi wa mshono, ambao ni wa poliesta, ulikuwa bado unaning'inia mzima juu ya tundu.

"Baba watoto," akasema, "mende gani huyu anayechagua?"

Mende mwenyewe alikuwa mimi. Wakati huo nilikuwa mtunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini ya Mombasa, na kila asubuhi nilichota chembe nyeupe kutoka kwenye ndoo, nikazikoroga majini, nikazimwaga bwawani. Vumbi lake lilinitua shatini bila mimi kujua. Stoo waliiita pH minasi, jina la kwenye gunia. Meneja aliiita asidi kavu. Sisi wafanyakazi tuliiita chumvi ya bwawa, na nadhani jina hilo ndilo lililotuponza zaidi ya vumbi lenyewe.

Jina lake la kitabuni ni sodiamu haidrojeni salfeti, NaHSO4. Asidi ya salfuriki, ile ya kwenye betri za magari, ina haidrojeni mbili. Katika chumvi hii sodiamu imekalia kiti kimoja, na kile cha pili bado kina haidrojeni yake. Ndiyo maana ni chumvi na ni asidi kwa pamoja. Ikiwa kavu imetulia kabisa: haitoi moshi, haina harufu, unaweza kuidhania chumvi ya mezani iliyosagwa vibaya. Ikipata maji, haidrojeni ile inaingia kazini. Vijiko viwili vidogo katika lita moja ya maji hushusha pH chini ya 2, na hayo ni makali kuliko maji ya ndimu. Jasho nalo ni maji. Vumbi lilikuwa likitua shatini, linayeyuka kwenye jasho, kisha shati likikauka msumarini maji yanaondoka na asidi inabaki, inazidi kukolea, inakata nyuzi za pamba taratibu. Kwa macho huoni chochote. Nyuzi zinashikana kwa mazoea tu, mpaka mtu azifikiche kwa sabuni.

Tindikali tunaijua sote, na tunaiogopa. Magazeti yameandika mengi kuhusu watu waliomwagiwa usoni, na neno lenyewe likitajwa sokoni watu wanageuza shingo. Lakini tindikali ya vichwani mwetu ni ya maji, iko kwenye chupa, inafuka. Ukimwambia kijana "ile ndoo ni tindikali" atasimama mbali nayo. Mwambie "ile ndoo ni chumvi ya bwawa", atachota kwa mkono.

Nami sikuwa na kisingizio, kwa sababu nilikuwa nimeijua zamani.

Katika miaka ya 80, kabla sijapata kazi hotelini, nilikaa na mjomba wangu aliyekuwa sonara katika Mji wa Kale, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba mteja akiingia, mmoja wetu anatoka. Pembeni, juu ya maji ya moto, kulikuwa na bakuli la kauri lenye maji ya chumvi hii. Pete ya fedha ikishaunganishwa kwa moto hutoka nyeusi, kwa sababu shaba iliyochanganywa na fedha huungua juu ya uso wake. Mjomba aliiacha ipoe kidogo, akaitumbukiza. Ule weusi uliachia kama ukoko unavyoachia sufuria iliyolowekwa, na pete ikatoka nyeupe, nyeupe ya chokaa isiyong'aa bado. Kabla ya dawa hii kufika, alisema, wazee wake walitumia shabu. Na nyumbani, sinia za shaba zilisuguliwa kwa ukwaju au ndimu. Kazi ni moja: uchachu unakula ukoko wa metali na kuiacha metali yenyewe. Shabu na ukwaju huchukua muda tu.

Maji yale yalianza yakiwa hayana rangi, na kadiri siku zilivyopita yakageuka samawati, kila pete ikiachia shaba yake kidogo. Yakifika samawati ya kukolea, mjomba alijua yamechoka. Hakuyamwaga hivihivi. Alinituma dukani nikanunue magadi, yale ya kupikia maharagwe, akayanyunyiza kidogokidogo. Maji yakafura povu, yakavuma, yakatulia, na kila povu lilipotulia akanyunyiza tena mpaka yakakataa kufura. Nilikuwa naona ni mchezo. Leo naona lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyopewa shuleni: magadi nayo ni chumvi ya sodiamu, nayo ni nyeupe, ila imesimama upande wa pili wa mizani. Zote mbili ukiziweka kwenye visahani huwezi kuzitofautisha kwa jicho. Moja inalainisha maharagwe, nyingine inatoboa shati.

Mambo mawili nilifunzwa pale kwa makosa yangu. La kwanza: bangili ya mteja ilikuwa bakulini, nikaitoa kwa kibano cha chuma kwa kuwa cha shaba sikukiona karibu. Bangili ya fedha ikatoka na rangi ya waridi. Mjomba aliitazama muda mrefu kabla ya kusema, "Umeivika shaba." Chuma kikiingia katika maji yale, shaba iliyoyeyuka humo inarudi kuwa metali na kuganda juu ya chochote kilichomo. Alikesha akiisugua. Asubuhi niliporudi nilikuta kibano cha shaba kimefungwa kwa uzi wa katani kwenye mguu wa meza, uzi wenye urefu wa kufika bakulini na si zaidi. Hakunigombeza tena. Kile cha chuma alikipeleka upande wa pili wa chumba, nacho akakifunga.

La pili lilikuwa la jicho. Nilitumbukiza pete ikiwa bado nyekundu. Maji yakalipuka kwa mvuke na tone likaniruka kwenye kope. Mjomba alinishika kisogo akaniinamisha juu ya karai, akanimwagia maji jicho likiwa wazi, akilifungua kwa vidole vyake kila nilipolifumba. Siku hizo bomba letu lilikuwa limekauka, tukinunua maji ya mkokoteni. Alimaliza mtungi mzima, akafungua wa pili. Mimi kilio changu kilikuwa cha maji yanayopotea. "Mjomba, yametosha." Akanijibu, "Mwanangu, maji yananunuliwa." Baadaye nilikuja kusoma maelekezo ya usalama ya chumvi hii, na yanasema vilevile: suuza kwa maji mengi, jicho likiwa wazi, robo saa au zaidi, kisha nenda hospitali. Ikikumwagikia ngozini ikiwa kavu, ipanguse kwanza ndipo usuuze. Ukiimeza, sukutua wala usijitapishe. Hatari yake kubwa kwa mtu iko hapo hapo: jicho, ambalo linaweza kuumia moja kwa moja, kisha ngozi yenye unyevu, kisha koo la anayevuta vumbi lake.

Kwa haki yake, niseme si sumu ya kutisha. Katika vyakula vya viwandani hutumiwa kwa kiasi kidogo kama kiongeza uchachu, na Ulaya ina namba yake ya viungio, E514. Marekani wafugaji huinyunyiza kwenye matandiko ya banda la kuku ili kuzuia harufu ya amonia. Na asili yake ya kiwandani ni masalia tu: zamani asidi ya naitriki ilitengenezwa kwa kupasha shura ya Chile pamoja na asidi ya salfuriki, na kilichobaki kwenye chungu ni hii. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, viwanda vya baruti vya Uingereza vilibakiwa nayo marundo kwa marundo, vikahangaika kuitafutia kazi. Vita hiyohiyo, tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani walifungulia maadui wao gesi ya klorini. Naitaja kwa sababu hivi viwili, chumvi hii na klorini, vilikuja kukutana tena mbele yangu, katika chumba cha pampu.

Kwanza nieleze kwa nini bwawa linahitaji asidi. Kisima cha pwani kinachimbwa kwenye jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa, na maji yake hutoka mazito kwa chokaa hiyo. Juu yake unaweka klorini ya chembechembe, kalsiamu hipokloraiti, nayo inapandisha pH zaidi. pH ikifika 8, karibu robo tu ya klorini ndiyo yenye nguvu ya kuua vijidudu, ikiwa 7.2, ni kama theluthi mbili. Yaani unaweza kumwaga dawa ya pesa nyingi na maji yakageuka kijani machoni pako. Kwa hiyo kila asubuhi unapima, unashusha. Gunia letu lilisema kilo moja kwa mita za ujazo 100 hushusha pH kwa 0.1 hivi, lakini bwawa lina ukaidi wake, na hesabu ya gunia ni ya kuanzia tu. Maji yanatangulia ndooni, chumvi inafuata. Ukitanguliza chumvi ukamwagia maji, inapata joto na kukurukia. Kisha unazunguka kingo ukiumwaga mchanganyiko polepole, upepo ukiwa mgongoni. Kusi ikivuma unaanzia upande mmoja, kaskazi unaanzia mwingine.

Kipimo chetu kilikuwa kichupa cha maji ya bwawa na matone ya rangi iitwayo fenoli nyekundu: manjano ni asidi, nyekundu ya machungwa ni sawa, waridi ni pH ya juu. Kwa kipimo hicho niliharibu bwawa mwaka wangu wa kwanza. Usiku uliotangulia tulikuwa tumemwaga klorini nyingi, kwa kuwa kulikuwa na sherehe na watoto wengi. Asubuhi kichupa kikatoa zambarau. Nikaongeza asidi. Saa mbili baadaye, zambarau. Nikaongeza tena. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimemaliza gunia na kichupa kingali zambarau, na mgeni mmoja ametoka majini macho mekundu kama ya mvuvi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba klorini ikizidi huiharibu rangi ile na kuigeuza zambarau hata kama maji ni makali. Nilikuwa nikiuliza swali kwa shahidi aliyelewa. Klorini iliposhuka ndipo kichupa kikasema kweli, na kilikuwa manjano ya kiini cha yai. Ilituchukua siku tatu na magadi mengi ya viwandani kulirudisha bwawa.

Malipo ya kosa hilo yalikuja polepole. Asidi inakula saruji iliyo katikati ya vigae, na salfeti yake ikijikusanya majini miaka na miaka huendelea kuibomoa saruji kutoka ndani. Mwaka uliofuata ukipitisha ukucha kati ya vigae vya upande wa kina kifupi, unachota mchanga. Ukingoni, pale nilipozoea kuweka ndoo, jiwe la matumbawe lilikuwa na mabakuli madogo yaliyochimbika, kila moja mahali ambapo tone lilianguka likafura. Wageni walidhani ni nakshi.

Sasa chumba cha pampu. Kilikuwa chini ya ardhi, unashuka ngazi saba. Magunia yalikaa stoo kuu, na sisi tulijaza ndoo mbili za kazi, ndoo nyeupe za mayonezi kutoka jikoni, zote sawa. Moja ya asidi, moja ya klorini. Niliziandika kwa chaki, na chaki kwenye chumba chenye unyevu haidumu siku mbili, kwa hiyo nilikuwa nimeacha kuandika. Kijana mpya wa zamu alipokuja nilimwonyesha kwa mdomo: "Ya kulia ni chumvi, ya kushoto ni dawa." Nikajiona nimefundisha.

Ijumaa moja mfagizi alihamisha vyote ili apige deki, akavirudisha. Jumamosi asubuhi yule kijana alishuka na mfuko wa asidi ili ajaze ndoo ya kulia. Ndani kulikuwa na klorini kama robo ya ndoo. Nyeupe juu ya nyeupe, akamwaga.

Mimi nilikuwa juu, nasafisha chujio. Niliyosikia kwanza ni sauti, kama mafuta yanayopokea samaki mbichi. Halafu harufu, ile ya bwawa lakini nzito, yenye kukata. Nilipochungulia niliona hewa ya ngazi za chini ina rangi, manjano yenye ukijani, imelala sakafuni kama maji yanayojaa. Kijana alikuwa amebana kifuniko juu ya ndoo kwa mikono miwili, kikamrukia kifuani. Kisha akafanya alichofundishwa shuleni kuhusu moto: akajilaza chini ili apate hewa safi.

Moshi wa moto hupanda. Klorini ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, na hewa safi iko juu. Nilishuka, jambo ambalo kitabu kinakataza na ambalo sina hakika ningefanya tofauti, nikamkamata ukosi, nikamburuta ngazi saba nikiwa nimefumba macho na kuziba pumzi. Pumzi ilinitosha ngazi tano. Mbili za mwisho nilivuta, na kifua kikajifunga kama ngumi. Askari wa lango alikuja mbio na mpira wa bustani ili azime. Nilimzuia kwa mikono, sauti haikutoka. Maji machache juu ya mchanganyiko ule ni kuuchochea tu.

Kusi ilikuwa inavuma, ikaipeleka gesi upande wa bustani. Wageni walihamishiwa upande wa juu wa upepo. Daktari alitulaza usiku ule tukiwa na oksijeni, hata baada ya kikohozi kutulia, kwa sababu klorini inaweza kuyajaza mapafu maji saa nyingi baadaye, mtu akiwa ameshajiona mzima. Tulipona. Mwarobaini uliokuwa karibu na tundu la hewa ulikauka majani ya upande mmoja, na kwa wiki kadhaa ulisimama hivyo, nusu kijani nusu kahawia.

Meneja alitaka kumfukuza yule kijana. Nikamwambia ndoo zilikuwa zangu. Nilimwambia pia kwamba hata wahudumu wa vyumba wanaweza kufanya vilevile: baadhi ya poda za kusafishia choo zina chumvi hiihii, na mtu akiimwaga chooni kisha akaifuata na jiki yenye klorini ili king'ae zaidi, anatengeneza gesi ileile katika chumba kisicho na dirisha. Hilo lilimfanya anyamaze.

Usiku ule wodini, nikiwa sina usingizi, nilimkumbuka mjomba na kibano chake. Alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Miaka yote niliona uzi ule kama kejeli kwangu, fimbo ya kimyakimya ya mtu asiyepiga. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba hakuniamini kukumbuka, na kwamba hakujiamini yeye pia.

Niliporudi kazini, asidi ilihamia chumba kingine, juu, na ikabaki ndani ya mfuko wake wenye maandishi. Klorini ikabaki peke yake. Kila moja ikapata kopo lake, jekundu na la buluu, na kila kopo nikalifunga kwa kamba ya katani. Miwani na glavu zikatundikwa mlangoni ili usiweze kuingia bila kuzigusa. Shati nikaanza kulisuuza kwa maji baridi hukohuko kazini, kabla jasho halijakauka, na mke wangu akaacha kununua naftalini.

Yule kijana sasa ni mkuu wa mabwawa katika hoteli nyingine, upande wa kusini, baada ya kivuko. Mwaka jana nilipita kumsalimu. "Shikamoo, mzee," akasema, akanikalisha kivulini, akaniagizia madafu, lakini mimi nilitaka kuona chumba chake. Tukaenda. Asidi ilikuwa chumba chake, klorini chumba chake, makopo mawili ya rangi mbili. Nikashika kamba ya lile jekundu nikaivuta ili niipime. Ilikuwa fupi kuliko yangu: kopo halikuweza kuvuka kizingiti.

"Nilikata mara tatu, mzee," akasema. "Mara ya kwanza ilifika mlangoni."